Mkebe wa Mama na vifungo nilivyovipanga vibaya

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliijua tangu nikiwa shule ya msingi, na katika insha niliitumia mara nyingi tu kujitafutia alama. Lakini maana yake nilikuja kufunzwa na vifungo vya nguo, tena vikuukuu, vilivyokuwa ndani ya mkebe wa biskuti.

Kisa chenyewe kilifufuka Jumapili moja mwezi Juni mwaka jana, saa mbili za usiku. Nilikuwa nimeketi kupumzisha miguu huku nikisubiri taarifa ya habari. Binti yangu, aliye Gredi ya Nne, akanijia akiwa ameficha daftari mgongoni. Mzazi yeyote mwenye mtoto katika huu mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka wa 2019, anaujua mkao huo. Ni mkao wa mtoto aliyeambiwa jambo Ijumaa akalikumbuka Jumapili usiku.

“Mama, mwalimu amesema kesho tubebe vifungo kumi, shanga za rangi tatu, kipande cha lesi na picha za familia. Tunatengeneza albamu.”

Maduka yalikuwa yamefungwa. Nikaanza kusaka. Niliimwaga ile droo ya jikoni, ambayo kila nyumba inayo, ya kutupia kila kitu kisicho na mahali pake. Humo mlikuwa na betri zilizokwisha, funguo za makufuli tuliyoyasahau, risiti, na shanga mbili zilizogandamana na peremende iliyoyeyuka. Nikatia mkono katika mkoba wangu wa zamani; pini ikanidunga kidole. Utepe niliouhifadhi kutoka kwa zawadi za harusi yangu niliupata umejisokota katika nyaya za chaja. Kufikia saa nne tulikuwa na vifungo vitatu tu, kimoja kati yavyo nikiwa nimekikata kwenye shati la baba watoto bila kumwomba ruhusa.

“Kwani vile vifungo vingi vya nyanya viko wapi?” binti yangu akauliza.

Nilimwambia alale. Swali lile lilinikumbusha jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nimelikwepa.

Mafundo ya vitambaa

Mama yangu, anayeishi Changamwe, Mombasa, alikuwa mshonaji kwa zaidi ya miaka thelathini. Cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu ndiyo iliyotulipia karo. Juu ya kabati la chumbani mwake palikuwa na mkebe wa mviringo wa rangi ya samawati, mmojawapo wa ile mikebe ya biskuti za siagi. Bila shaka unaifahamu, msomaji. Ni wachache kati yetu ambao hawajawahi kuufungua mkebe kama huo wakitarajia biskuti, wakakumbana na sindano na nyuzi.

Mama si mtu wa kutupa. Nguo ya mtu wa nyumbani ilipochakaa hadi kuwa tambara la kupigia deki, kwanza alikata vifungo vyake, kimoja kimoja. Kisha alikata kipande cha nguo iyo hiyo, ukubwa wa kiganja cha mtoto, akavitia vifungo ndani na kupiga fundo. Mafundo hayo ndiyo yaliyoujaza mkebe. Machoni pa mgeni yalikuwa takataka: vijifurushi vya kitambaa cha kaki, cha maua, cha mistari, vingine vimepauka hata rangi haijulikani. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeandikwa jina.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 2016 nilikwenda kumtembelea nikiwa na binti yangu huyu, wakati huo akiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Asubuhi moja Mama aliuteremsha mkebe atafute kifungo cha blauzi ya jirani. Tuligeuka kidogo tu kuitikia hodi. Tuliporejea tulimkuta mtoto ameketi sakafuni, kafungua fundo moja la kitambaa cha manjano, na mashavu yamemjaa. Nilimwinamisha nikamtoa vifungo viwili kinywani. Cha tatu alikitema mwenyewe, kisha akacheka.

Hakuumia. Hata hivyo, mimi nilishinda nikitetemeka. Kesho yake nilipanda matatu hadi mjini, nikanunua sanduku la plastiki angavu lenye vyumba ishirini na vinne na kifuniko cha kubana. Masanduku kama hayo nilikuwa nimeyaona katika majarida ya ng’ambo, ya akina mama ambao hutengeneza albamu za kumbukumbu na kuzipamba kwa vifungo, puleki, lesi na tepe. Kila kitu huwa kimepangwa kwa rangi kama upinde wa mvua. Nikasema Mama naye apate raha hiyo, na mwanangu awe salama.

Mama alipokwenda soko la Kongowea, nikayafungua mafundo yote. Vyeupe nikavitia huku, vyeusi kule, vya hudhurungi pale. Kazi ilinichukua saa tatu, na nilipomaliza nilijisifu. Vile vitambaa nilivikusanya nikavichoma nyuma ya nyumba pamoja na majani makavu ya mwembe.

Mama aliporudi alilitazama sanduku kwa muda.

“Ahsante, mwanangu. Vimependeza,” alisema. Kisha akauliza taratibu, “Na vitambaa?”

“Nimevichoma, Mama. Vilikuwa vimeanza kuota ukungu.”

Hakusema neno. Alikwenda jikoni akaanza kuchagua mchele. Mimi nilidhani amechoshwa na jua la sokoni.

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kwake nililikuta sanduku lile mahali nilipoliweka, kibandiko cha bei kikiwa bado juu ya kifuniko. Nililiona jambo hilo, nikajifanya sikuliona.

Kazi ya jioni tatu

Mradi wa shule ulikwisha kwa vifungo vya kuazima kwa jirani. Lakini binti yangu alikuwa ameshikwa na hamu. Alitaka atengeneze albamu yetu wenyewe, ambayo kando ya kila picha itakuwa na kifungo cha nguo ya mtu huyo. Likizo ya Agosti ilipofika, tulifunga safari hadi Changamwe tukiwa na picha tulizozichapisha kutoka kwenye simu, karatasi za manila, gundi na mkasi.

Mama sasa ana miaka sabini na mmoja. Jicho lake moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na la pili linasubiri. Binti yangu alimwekea sanduku mapajani.

“Nyanya, kifungo cha babu ni kipi?”

Mama alitia vidole katika chumba cha vifungo vyeupe, akavikoroga, akavitoa. Akatia tena.

“Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nikijua kwa kitambaa,” alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yale mafundo yalikuwa ndiyo daftari lake. Akigusa kitambaa, kitambaa kilimwambia ni nguo gani. Nguo ikamwambia ni ya nani, na aliivaa siku gani. Kifungo cheupe chenye matundu manne kilichotoka kwenye shati alilovaa baba siku ya harusi yao hakina tofauti na kile kilichotoka kwenye foronya. Mimi nilipopanga kwa rangi niliyachoma maandishi, nikabakisha karatasi tupu.

Niliomba msamaha. Mama akaninyamazisha kwa mkono na kusema, “Leta taa karibu. Tutafute vinavyojulikana.”

Tulifanya kazi hiyo kwa jioni tatu, na humo ndimo nilimojifunza mengi ambayo pengine yatakufaa nawe, uwe unatengeneza albamu, kadi za kuuza au unashona tu vya nyumbani.

Kwanza, tulimwaga vifungo juu ya taulo nene iliyotandikwa ndani ya sinia. Juu ya meza tupu vifungo na shanga hubingirika hadi chini ya makochi, lakini taulo huvishika. Pini na sindano zilizochanganyika humo tulizinasa kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Dakika moja ilitosha, na hakuna aliyedungwa.

Pili, tulitenga vyenye historia na visivyo na historia. Huu ndio mgawanyo wa kwanza ambao ningefaa kuufanya mwaka wa 2016. Vitu ulivyonunua dukani, kama vile puleki, tepe na shanga mpya, vipange kwa aina kwanza, kisha kwa rangi. Hivyo ukitafuta samawati utaiona mara moja. Lakini kitu kilichotoka kwenye nguo ya mtu usikipange kwa rangi kamwe. Kipange kwa mwenyewe.

Tatu ni vyombo. Si lazima ununue sanduku la bei ghali. Tulichukua visanduku kumi na viwili vya kibiriti vilivyokwisha, tukavigandisha kwa gundi katika safu tatu za vinne vinne, tukavizungushia karatasi ya manila. Mbele ya kila kimoja tulishona ushanga mkubwa wa kuvutia. Ikawa kabati dogo lenye droo kumi na mbili. Chupa za jemu hufaa kwa vifungo vingi vya aina moja kwa kuwa unaviona kutoka nje. Vile vikopo vidogo vya filamu za kamera, ambavyo wapiga picha walikuwa wakivitupa kabla ya simu kuchukua kazi yao, ndivyo bora zaidi kwa puleki, ukibahatika kuvipata katika nyumba ya zamani. Trei ya mayai hufaa wakati wa kazi tu, kwa maana haina kifuniko.

Zamani shanga tulizitia katika vijifuko vya plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini Agosti 28, 2017, mimi hutumia bahasha ndogo ninazozikunja mwenyewe kutoka karatasi za madaftari yaliyokwisha. Kwa kweli bahasha ni bora, kwa sababu huandikika. Shanga zile ndogo za kioo ambazo akina mama Wamaasai huzitumia, nyingi zao zikiwa zimetengenezwa Jamhuri ya Cheki, huuzwa zikiwa zimetungwa katika uzi. Usizitoe kwenye uzi wake mpaka siku ya kuzitumia. Tepe nazo zizungushie kipande cha kadibodi na uzishikize kwa pini ya nguo, zisije zikasokotana kama wangu.

Nne, unyevu. Aliyeishi Pwani anajua jinsi hewa ya bahari na mvua za masika zinavyoleta kutu na ukungu. Pini, bizimu na vifungo vya chuma visilale pamoja na lesi wala picha, kwani kutu ikishika kitambaa ni vigumu kuitoa. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya visanduku vya viatu usivitupe. Kazi yake ni kufyonza unyevu, kwa hivyo tia kimoja katika kila mkebe, mbali na watoto. Mikebe yenyewe isikae jikoni wala kwenye ukuta unaovuja. Na kila masika yakiisha, fungua kila kitu kipigwe na hewa kivulini. Jua kali hupausha tepe na picha.

Tano, picha zenyewe. Selotepu usiitumie, maana baada ya miaka hugeuka manjano na kuacha doa. Stepla huota kutu. Zile albamu za kale zenye kurasa za gundi na plastiki juu zimeharibu picha za familia nyingi. Ukitaka kuitoa picha humo usiivute. Pitisha uzi mwembamba polepole nyuma yake. Kifungo nacho usikigandishe juu ya picha. Kishone kwenye karatasi ya manila kando yake, tena uweke kipande cha kadibodi ukingoni mwa ukurasa ili albamu ikifungwa kifungo kisiibonyeze picha ya ukurasa wa pili.

Sita, watoto. Kifungo kinaweza kumkaba mtoto, nami nilikaribia kuliona hilo kwa macho yangu. Kibaya zaidi ni zile betri bapa, mviringo mfano wa kifungo, ambazo hutiwa ndani ya kadi zinazoimba. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kumchoma ndani kwa ndani kwa muda wa saa mbili tu. Betri hizo zisikae kabisa pamoja na mapambo, na ukishuku kwamba mtoto amemeza moja, mkimbize hospitalini papo hapo bila kungoja dalili.

Vifungo saba

Kati ya vifungo mia mbili na kumi na kimoja tulivyovihesabu, Mama alivitambua sitini na vinne. Vya shaba vya sare ya reli ya babu yangu, aliyefanya kazi hiyo kabla ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, alivijua kwa uzito tu. Vya kabuti la baba alivijua kwa ukubwa wake. Kimoja chekundu kilichokatika ukingo kilikuwa cha sweta yangu ya chekechea. Mbuzi wa jirani ndiye aliyekitafuna. Kila alipotaja jina, binti yangu aliliandika kwenye karatasi, akaitia droo moja na kifungo.

Jioni ya tatu tulifikia vifungo vidogo vyeupe vinavyong’aa. Mama alikichukua kimoja akakigusisha shavuni.

“Hiki ni cha chaza,” alisema. “Cha plastiki hakina baridi hivi.”

Tulivigusisha vyote mashavuni mwetu, mmoja baada ya mwingine, tukapata saba vya kombe la chaza. Mama aliviweka kiganjani, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha alitueleza jambo ambalo mimi, katika miaka yangu yote, sikuwa nimelisikia likisemwa kwa utulivu.

Vifungo hivyo vilikuwa vya shati la babu. Shati lilipochakaa, Mama alichukua vitatu kati ya vile saba, akavishona kwenye sweta aliyomfumia mtoto wake wa kike aliyezaliwa mwaka wa 1986, kabla yangu. Dada yangu huyo alifariki kwa surua akiwa na miezi minane. Picha hakuwa amepigwa. Walipanga kumpeleka studio wakati wa Krismasi. Sweta Mama alimpa mwanamke mmoja aliyejifungua akiwa hana kitu cha kumvisha mwanawe. Lakini kabla ya kuitoa alikata vile vifungo vitatu, akavifunga katika kipande cha blanketi la mtoto.

“Lilikuwa fundo la manjano,” Mama alisema.

Nilikumbuka ni wapi mara ya mwisho nililiona fundo la manjano. Vitatu hivyo niliviosha kwa maji, nikavikausha kwa kanga, na siku iliyofuata nikavimwaga pamoja na vyeupe vingine vyote kwa mikono yangu.

Tulivipanga vile saba mezani. Vilifanana kabisa, kwani vilitoka shati moja. Mama alivigusa tena kwa vidole, kwa shavu, hata kwa ulimi. Mwisho akatikisa kichwa.

“Havijulikani,” alisema.

Mimi machozi yalinitoka. Binti yangu akauliza aandike nini kwenye karatasi.

“Andika majina yote mawili,” Mama akamwambia, “uviweke vyote saba pamoja. Babu na mjukuu wake hawawezi kugombania vifungo.”

Ndivyo tulivyofanya. Katika albamu yetu upo ukurasa mmoja usio na picha. Una jina la dada yangu, mwaka wa 1986, na vifungo saba vilivyoshonwa kwa uzi wa manjano, ambao Mama aliuchagua mwenyewe. Vile mia moja arubaini na saba ambavyo havikutambuliwa nimevitia katika chupa ya jemu. Hivyo ndivyo nimwachiavyo binti yangu achukue mwalimu anapoagiza, na Jumapili usiku hatusaki tena.

Mpenzi msomaji, pengine nawe utasafiri nyumbani likizo hii, na pengine juu ya kabati utauona mkebe kama ule. Ukishikwa na hamu ya kuupanga, usianze kwa kununua sanduku. Anza kwa kuketi na mwenye mkebe akiwa bado anakumbuka, ukiwa na kalamu na karatasi. Toa kitu kimoja, uulize ni cha nani, uandike. Kisha toa cha pili.

Na ukikuta kitambaa kilichofungwa fundo, usikifungue kabla hajakwambia kilichomo ndani.